Maziwa Yanamtosha? Swali la Mwezi wa Nne

Mwezi wa nne ndio wenye maneno mengi. Mtoto aliyekuwa akinyonya na kulala sasa anaamka usiku mara mbili tatu, anatafuna ngumi, udenda unamchuruzika, na akiona mtu mzima anapeleka kijiko mdomoni anakifuata kwa macho mpaka mwisho. Bibi akimtazama hana shaka: "Mwanangu, huyu ana njaa. Mkorogee uji." Jirani anaunga mkono, na dada wa kazi naye ana ushuhuda wa watoto wa kwao. Mama aliyeambiwa kliniki asimpe mtoto kitu kingine mpaka atimize miezi sita anabaki katikati ya watu ambao wote wanampenda mwanawe.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki walikuwa wameshaonjeshwa kingine: maji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo, uji. Na hesabu hiyo inawajumlisha watoto wa wiki mbili na wa miezi mitano. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo wanaonyonya tu wanavyopungua.

Bibi anayeshauri uji wa mapema hajabuni. Yeye alipolea, wataalamu wenyewe walikuwa wakisema chakula kianze kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ni mwaka 2001 ambapo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, uliokaa Geneva, ulipitisha pendekezo linalotumika hadi leo: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha chakula cha nyongeza huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mashauri mawili, na kila moja liliwahi kutoka kwa mtaalamu wa zama zake.

Kilichobadilisha ushauri ni majaribio. Mojawapo lilifanyika Honduras na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Watafiti, wakiwamo Roberta Cohen na Kathryn Dewey, waliwagawa kwa kura watoto 141 wa akina mama wenye kipato kidogo. Baadhi waliendelea kunyonya tu mpaka mwezi wa sita, wengine wakaongezewa chakula safi kilichoandaliwa vizuri kuanzia mwezi wa nne. Waliopewa chakula walipunguza kunyonya kwa kiasi kilekile walichokula. Jumla ya nguvu waliyoipata haikuongezeka, wala hawakukua zaidi ya wenzao. Chakula kilichukua nafasi ya maziwa, hakikujazia juu yake.

Na chakula kile kilikuwa safi. Katika nyumba nyingi uji hukorogwa asubuhi ukawekwa kwenye chupa ya chai mpaka jioni, na maji ya kuchanganyia hayakuchemshwa. Kule Belarus, mtafiti Michael Kramer na wenzake, waliofuatilia maelfu ya watoto, walikuta kwamba walionyonya maziwa pekee kwa miezi sita waliugua maambukizi ya tumbo mara chache kuliko waliofanya hivyo kwa miezi mitatu. Ikiwa tofauti ilionekana katika nchi yenye maji safi ya bomba, mahali penye kisima cha wazi ina uzito zaidi.

Hoja kwamba uji humfanya mtoto alale usiku nayo imepimwa. Katika utafiti wa Uingereza uliohusisha watoto 1,303, walioanzishiwa vyakula tangu mwezi wa tatu walilala zaidi kidogo kuliko wenzao. Tofauti ilipofikia kilele, katika mwezi wa sita, ilikuwa kama dakika 17 kwa usiku. Mama aliyechoka hatazidharau dakika hizo, lakini usiku mzima wa usingizi alioahidiwa haumo.

Hofu kwamba maziwa hayatoshi ilipata nguvu hata kutoka kwa kadi ya kliniki. Kwa miaka mingi mistari ya ukuaji iliyotumika duniani ilichorwa kutokana na watoto wa mji mmoja wa Ohio, Marekani, ambao wengi wao walilishwa maziwa ya kopo. Mtoto anayenyonya huongezeka haraka miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua kidogo kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Akilinganishwa na watoto wa kopo, alionekana anabaki nyuma, na mama yake akaambiwa aanze uji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mistari mipya mwaka 2006, baada ya kupima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, zikiwamo Ghana na Oman, na kipimo kikawa mtoto aliyenyonya. Kwa mistari hiyo, kasi inayopungua kidogo ya mtoto anayenyonya haionekani tena kama kubaki nyuma.

Basi mama atajuaje kama maziwa yanatosha? Ngumi mdomoni haisemi lolote kuhusu njaa; mtoto wa umri huo anaijua dunia kwa mdomo. Kuamka usiku pia si ushahidi, wala ulaini wa matiti, kwa sababu baada ya wiki za mwanzo mwili hujirekebisha na matiti hayajai kama zamani. Ushahidi uko kwingine: mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo hauna rangi nzito, anachangamka, na uzito wake kwenye kadi unapanda sambamba na mstari. Kuna siku atataka ziwa kila baada ya muda mfupi. Anyonyeshwe tu. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, na siku chache za kunyonya sana huyaongeza. Akipewa uji siku hizo, atanyonya kidogo, maziwa yatapungua kweli, na waliosema hayatoshi watakuwa wamesababisha walichokitabiri.

Vilevile hahitaji maji. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, yanatosha hata kwa joto la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari. Dawa za mchango na maji ya sukari humwingizia tu vijidudu na kumjaza tumbo.

Kwa wengi, hata hivyo, anayeamua si bibi wala kadi. Ni mwajiri. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, Kenya ni miezi mitatu, na muuza mboga sokoni hana likizo kabisa. Mama anarudi kazini mtoto akiwa nusu ya safari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaijui, na wanaoijua wanaogopa kuidai. Njia nyingine ni kukamua maziwa kwa mkono safi, kuyaweka kwenye chombo safi chenye mfuniko, na mlezi kumnywesha mtoto kwa kikombe. Kwenye joto la chumba yatumike ndani ya saa nne. Kwenye jokofu hudumu mpaka siku nne. Mama akirejea jioni ananyonyesha moja kwa moja, usiku pia. Ni kazi ngumu, na bila msaada wa nyumba nzima haiwezekani.

Miezi sita inapokaribia, mwili wa mtoto huanza kutoa dalili zenye maana. Shingo imekaza. Anakaa kwa kuegemezwa kidogo bila kuporomoka. Anashika kitu na kukipeleka mdomoni mwenyewe. Na ulimi, ambao awali ulisukuma nje chochote kilichoguswa nao, sasa unakipokea chakula na kukirudisha nyuma akimeze. Dalili hizi zikionekana kwa pamoja, na umri umefika, amekuwa tayari. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hesabu yake ni tofauti, na mama yake apange pamoja na mtoa huduma anayemfuatilia.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayomtosha takriban miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, hata kama kinasharabiwa vizuri, kwa hiyo akiba ikiisha lazima kitoke kwenye chakula, la sivyo upungufu wa damu unabisha hodi. Nguvu pia: mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kama kalori 200 kwa siku juu ya zile za maziwa, akifika miezi tisa 300, na baada ya mwaka 550. Familia inayosubiri mpaka mwezi wa nane au wa tisa, kwa kuwa mtoto anaonekana mnene, inamnyima katika kipindi ambacho udumavu huanza kujichimbia. Mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Kosa la pili liko ndani ya bakuli. Tumbo la mtoto wa kilo saba linabeba kama glasi moja, na uji mwepesi unaotiririka kwenye kijiko hulijaza kwa maji. Uji wake uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko kikiinamishwa. Aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, akipanda taratibu mpaka nusu ya bakuli la mililita 250. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu au nne, vipande vikubwa kidogo, huku ziwa likiendelea kila anapotaka. Kati ya miezi sita na minane theluthi mbili ya nguvu yake bado inatoka kwa mama.

Hakuna haja ya kwenda dukani kutafuta chakula cha pekee. Mtori wa Kilimanjaro uliopondwa na nyama iliyosagwa, viazi lishe, boga, parachichi, maharage yaliyochujwa maganda, yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miiba, dagaa waliosagwa: vyote vinafaa tangu mwezi wa sita. Maini ya kuku yana chuma kingi kuliko uji wa mahindi. Chai ya rangi, ambamo watoto wengi huchovya mkate, huzuia chuma kisisharabiwe. Asali isubiri mpaka mwaka utimie, kwa sababu ya sumu ya bakteria anayeweza kuishi ndani yake. Chumvi na sukari haziongezi kitu anachokihitaji.

Karanga zina habari yake. Zamani familia zenye historia ya mzio zilishauriwa kuzikwepa. Utafiti ulioongozwa na Gideon Lack jijini London, uliotolewa mwaka 2015, uliwahusisha watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa, na waliokula karanga mapema na mara kwa mara walipata mzio huo mara chache mno kuliko waliozikwepa. Karanga nzima ni hatari, mtoto hupaliwa. Zisagwe laini zichanganywe kwenye uji. Mwenye pumu kali ya ngozi aonwe kwanza na daktari.

Lakini karanga na mahindi ndivyo pia vinavyobeba sumukuvu kuliko vyakula vingi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu 20 Dodoma na Manyara. Ndiyo maana ule unga wa lishe wa nafaka sita saba, karanga na soya, uliosagwa kwa mwezi mzima na kuwekwa kwenye ndoo, si lazima uwe bora kwa sababu una vitu vingi. Wataalamu wa lishe hushauri nafaka moja au mbili zilizochambuliwa, zikakaushwa vizuri na kusagwa kidogo kidogo, kisha karanga, dagaa au yai viongezwe wakati wa kupika.

Kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, uamuzi huu una uzito wa ziada. Utafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watoto walionyonya huku wakipewa vyakula vigumu mapema walikuwa katika hatari ya kuambukizwa karibu mara 11 zaidi ya walionyonya pekee. Leo dawa zimepunguza hatari hiyo sana, na ushauri kwake ni uleule wa wengine: atumie dawa bila kukosa, amnyonyeshe maziwa pekee miezi sita, kisha aongeze chakula.

Mazoea ya nyumba hubadilika, na haraka. Kenya mwaka 2003 ilikuwa na asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa pekee. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Mama zao na bibi zao ni walewale waliokuwa wakikoroga uji wa mwezi wa tatu.

Kilichobaki kurekebishwa ni ratiba ya kliniki yenyewe. Tanzania, baada ya chanjo za wiki ya 14, ile ya surua inasubiri mpaka miezi tisa, na akina mama wengi huona hakuna cha kuwapeleka kituoni katikati. Hiyo ndiyo miezi ambayo uji huanza mapema mno au kuchelewa. Mzani upo kila mwezi, na matone ya vitamini A huanza mwezi wa sita. Mama akienda siku hiyo na bibi aliye nyumbani, muuguzi anaweza kuwaonyesha wote wawili mstari wa uzito kwenye kadi, akawaeleza uzito wa uji na mara za kulisha, na shauri la nyumba likawa moja.