Janis Joplin: Sauti iliyowajua waliomtangulia

Jumamosi ya Juni 17, 1967, bendi kutoka San Francisco iitwayo Big Brother and the Holding Company ilipanda jukwaani katika tamasha la Monterey, California. Mwimbaji wao, Janis Joplin, aliuanza wimbo wa "Ball and Chain" taratibu, kisha akaupandisha mpaka ukawa kilio cha kukwaruza koo. Onyesho hilo halikupigwa filamu, hivyo bendi ikarudishwa jukwaani kesho yake ili kamera zimnase. Mwaka uliofuata albamu yao, Cheap Thrills, ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nane.

Wimbo ule ulikuwa wa Big Mama Thornton, mwanamke mweusi ambaye Janis na wenzake walimsikia akiuimba, wakamwomba ruhusa, naye akaridhia. Katika zama ambazo waimbaji wengi wa kizungu walitajirika kwa bluzi za watu weusi bila hata kuwataja, hilo halikuwa jambo dogo.

Janis alizaliwa Januari 19, 1943, Port Arthur, mji wa viwanda vya mafuta jimboni Texas, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria. Shuleni alidhihakiwa kwa sura yake na kwa kuwatetea Wamarekani weusi. Santuri za waimbaji wa bluzi Bessie Smith, Ma Rainey na Lead Belly ndizo zilizomfariji, na ndizo zilizomfundisha kuimba.

Deni hilo hakulisahau. Bessie Smith alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1937. Maelfu walijitokeza kumuaga Philadelphia, lakini kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe. Agosti 1970 jiwe likawekwa, gharama zikiwa zimechangwa na Janis pamoja na Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani.

Haikupita miezi miwili, Janis naye akafariki. Oktoba 4, 1970, akiwa na miaka 27, heroini ilimuua katika hoteli moja ya Hollywood. Alikuwa katikati ya kurekodi albamu ya Pearl. Wimbo mmoja, "Buried Alive in the Blues", ulibaki ala tupu kwa sababu sauti yake haikuwahi kuingizwa. Albamu ilitoka Januari 1971, ikaongoza chati. "Me and Bobby McGee" nao ukashika namba moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dawa za kulevya zilimharibia maisha, na hakuna cha kusifu hapo. Lakini wanaomkumbuka kwa heroini pekee wanampunja. Janis alipopata umaarufu, aliutumia kuwarudishia heshima wanawake waliomfundisha. Anayempenda, basi amtafute na Bessie Smith, amtafute na Ma Rainey, amtafute na Big Mama Thornton. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuelekeza kwao.