Kuzoea Kelele si Kuishinda

Watu wafanyao kazi penye mashini wana neno moja ambalo humwambia kila mgeni azibaye masikio kwa vidole: "Utazoea." Na kweli mgeni huzoea. Baada ya miezi michache haoni tena taabu kusimama karibu na injini ya kinu cha posho, au katikati ya mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanaponyosha mabati kwa nyundo kutwa nzima. Lakini yafaa kila mfanya kazi ajue jambo hili: mara nyingi masikio anayodhani yamepata nguvu ndiyo yaliyoanza kufa.

Jinsi sikio linavyoharibika

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojiviringa mfano wa konokono. Humo mna chembe ndogo mno zenye vinyweleo, yapata 15,000 katika kila sikio. Sauti huvitikisa vinyweleo hivyo kama upepo utikisavyo ngano, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Upepo wa kadiri ukipita, ngano husimama tena. Dhoruba ya kila siku huilaza isiinuke. Ngano ikiharibika mkulima hupanda nyingine, bali chembe hizi za mwanadamu zikifa hazioti tena, wala haijapatikana dawa ya kuzirudisha.

Hasara hii haina maumivu. Jioni masikio huvuma, asubuhi yametulia, na mtu hudhani amepona. Sauti nyembamba ndizo zipoteazo kwanza: mlio wa ndege, na herufi kama s, f na th. Mtu husikia kwamba watu wanasema, lakini hatambui wanasema nini. Huwagombeza watoto wake kwamba wananong'ona, kumbe ugonjwa ni wake mwenyewe.

Mambo haya yalijulikana zamani. Mwaka 1886 Daktari Thomas Barr wa Glasgow, Scotland, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakitengeneza boila za mvuke kwa kugongelea vyuma. Hakumpata hata mmoja mwenye masikio mazima.

Kipimo na sheria

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mabingwa wengi hushauri kwamba mtu asikae penye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikiongezeka 3 tu, muda hupunguzwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2. Asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia njia hii: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, huenda kelele hiyo imefikia kiasi cha kudhuru.

Katika Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zakataza mfanya kazi kukaa penye wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Kelele ikipita desibeli 85, mwenye mahali pa kazi hana budi kuweka mpango wa kuipunguza na kuyalinda masikio ya watu wake.

Mambo ya kufanya

Dawa ya kwanza ni kwenye mashini yenyewe. Mwenye kinu na akaze bolti zilizolegea, atie grisi, aweke mpira chini ya injini, na kama yamkini aitenge kwa ukuta. Watu nao wapokezane zamu, ili mmoja asikae hapo kutwa.

Kelele ikibaki, ndipo zitumike kinga za masikio. Pamba tupu haitoshi. Vizibo laini husokotwa kwa vidole safi. Kisha sikio huvutwa juu na nyuma, kizibo hutiwa ndani na kushikwa mpaka kivimbe. Na visivuliwe kazini: avivuaye nusu saa tu katika siku nzima hupoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Kuna mafundi wazee wawachekao vijana wavaao kinga hizo, wakiwaita waoga. Kijana asijali kicheko hicho. Amwulize mzee swali kwa sauti ya chini akiwa nyuma yake, kisha angoje jibu.