Akili Unde na Dhamana ya Mwandishi wa Makala ya Kisayansi

Mnamo Februari 2024, jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha makala yenye mchoro wa panya mwenye viungo vya uzazi vikubwa kupita kiasi, ukiwa na maandishi yasiyo na maana katika lugha yoyote. Siku chache baadaye makala hayo yaliondolewa. La kuzingatiwa ni kwamba waandishi walikuwa wamekiri waziwazi kuwa walitumia programu ya Midjourney. Kukiri, basi, ni sharti la kwanza tu. La pili ni kuhakiki.

Akili unde huunda sentensi kwa kukadiria neno lielekealo kufuata jingine, wala haina mizani ya kupimia ukweli. Ndiyo sababu huweza kutaja vitabu visivyowahi kuandikwa. Mwaka 2023, Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ilieleza kuwa mashine haistahili kuorodheshwa kama mwandishi, kwani haiwezi kuwajibika.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeitumia kunyoosha sarufi au kufupisha ikisiri hana budi kulisema hilo, na kusoma kila rejeleo mwenyewe kabla ya kutia jina lake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.