Istilahi za Kufuatilia Seli Zilizopandikizwa

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Maendeleo ya uloto huo hujulikana kwa kupima damu. Seli zilizopandikizwa moyoni au ubongoni hazifikiwi kwa kipimo hicho. Watafiti huzifuatilia kwa picha. Njia hii tunapendekeza iitwe *upigaji picha usiopasua*. Neno "usiovamia" halifai, kwani uvamizi ni wa vita. Sindano yaweza kuwapo, kisu hakipo.

Ili seli ionekane, sharti itiwe kitambulisho. Viko vya aina mbili. Cha kwanza, *chapa*, ni kama chembe za chuma zionekanazo kwa mashine ya sumaku. Mfugaji wa Kanoni, wilayani Karagwe, anaijua tabia ya chapa: ndama hairithi, na ng'ombe akifa chapa husalia ngozini. Vivyo hivyo, seli ikigawanyika chuma hupungua; ikifa, chuma humezwa na seli walaji na kuendelea kuonekana. Cha pili ni *jeni kitambulishi*: hurithiwa na seli changa, kama rangi ya ng'ombe, na seli ikifa ishara hukoma.

Kwa hiyo, penye chapa, mfasiri asiandike "picha yaonyesha seli hai", bali "picha yaonyesha chapa". Tofauti hiyo humwepusha mgonjwa na kuamini kwamba tiba imeshika, ilhali seli alizopewa zimekwisha kufa.