Kuupima Mshipa kwa Ndani

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, daktari wa eksirei Charles Dotter alipitisha mirija myembamba katika ateri ya paja la bibi mmoja wa miaka 82. Vidole vya mguu wake vilikuwa vimeanza kuoza kwa kukosa damu. Wapasuaji walishauri mguu ukatwe. Bibi akakataa katakata. Mirija ile ikapanua palipokuwa pamesinyaa, mguu ukapata joto, naye akautembelea hadi alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Mwaka 1974 Andreas Grüntzig, huko Zurich, alileta puto linalojazwa ndani ya mshipa. Baadaye zikaja stenti, yaani nyavu za chuma zinazoachwa humo kushikilia njia, na puto zilizopakwa dawa. Vifaa vikabadilika sana, lakini madaktari wengi waliendelea kuongozwa na picha ya eksirei, kama Dotter.

Picha hiyo hupigwa baada ya kudunga dawa yenye ayodini, nayo huonyesha njia ya damu tu. Ni sawa na kumpimia mtu nguo kwa kutazama kivuli chake. Ugonjwa wa ateri za miguu, unaowaandama zaidi wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari, umejificha kwenye kuta za mshipa: mafuta, makovu, chokaa ngumu. Mshipa uliosinyaa wote kwa urefu huweza kuonekana mwembamba kwa asili, na daktari akachagua puto dogo kuliko linalohitajika.

Altrasaundi ya ndani ya mshipa hutazama kuta zenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1970, Nicolaas Bom na wenzake wa Rotterdam walitengeneza katheta yenye vipande 32 vya kutoa na kupokea mawimbi ya sauti, wakikusudia kuutazama moyo. Siku hizi katheta hupitishwa juu ya waya mwembamba, wakati mwingine wa milimita 0.36 tu, hadi chini ya palipoziba, kisha huvutwa polepole kurudi kinenani.

Kwenye skrini huonekana duara, katheta ikiwa katikati. Chokaa hung'aa kama mwezi mwandamo, na nyuma yake giza tupu, maana sauti haipenyi. Baada ya puto kupanua, utando wa ndani uliochanika huonekana ukipepea kwa kila pigo la moyo, hata pale ambapo eksirei imeonyesha njia safi. Na pale mshipa ulipoziba kabisa, daktari anatambua kama waya wake umepita katika njia ya damu au umejipenyeza ndani ya ukuta. Kazi hii yote haihitaji ayodini, nafuu kubwa kwa mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeshachoka.

Jaribio la wagonjwa 150 nchini Australia, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha uzito wa nusu milimita. Kwa eksirei, ateri za paja na nyuma ya goti zilikuwa na kipenyo cha wastani wa milimita 5.1, kwa altrasaundi, 5.6. Karibu wagonjwa wanane kati ya kumi waliopimwa kwa altrasaundi walibadilishiwa matibabu palepale mezani. Baada ya mwaka, mishipa ya asilimia 72.4 ya waliopimwa kwa altrasaundi haikuwa imesinyaa tena, dhidi ya 55.4 ya waliotibiwa kwa eksirei peke yake. Hata hivyo, idadi ya waliohitaji kurudiwa matibabu haikutofautiana sana.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi. Katika jaribio la wagonjwa 237 waliotibiwa kwa puto zenye dawa, lililochapishwa mwaka 2024, njia ilibaki wazi kwa asilimia 83.8 ya waliopimwa kwa altrasaundi, dhidi ya 70.1 ya waliotibiwa kwa eksirei peke yake, na safari hii waliorudiwa matibabu walipungua pia.

Kinachokwamisha ni gharama. Katheta hutumika kwa mgonjwa mmoja, mashine yake ni ghali, na kusoma vivuli vile kunataka mafunzo. Ushahidi nao umejikita zaidi kwenye paja na goti. Chini ya goti, ambako ateri ni nyembamba na ndiko vidonda vingi vya kisukari vinakotegemea damu, majaribio ya aina hiyo bado ni machache, na huko ndiko yanakohitajika haraka.