Fremu Kuukuu za Mzinga

Nikiletewa fremu kuukuu, kabla sijaigusa huuliza: nyuki wake walikwenda wapi? Kama walihama kwa njaa ya kiangazi au kwa kusumbuliwa na siafu, fremu hiyo itaoshwa na itatumika tena. Kama walidhoofika na kufa huku majana yakinuka, brashi ingoje.

Chukua njiti ya kiberiti, toboa kifuniko cha jana kilichobonyea, koroga, kisha vuta polepole. Njiti ikitoka na ute wa kahawia unaorefuka kama uzi kwa sentimita 2 au zaidi, shuku ule ugonjwa mbaya wa kuoza majana. Spora za bakteria wake hudumu zaidi ya miaka 40, na maji yanayochemka hayaziui. Mwite afisa nyuki. Akithibitisha, fremu na masega yake huteketezwa shimoni na kufukiwa. Najua uchungu wa kuchoma mbao ulizomlipa seremala, lakini fremu moja ya namna hiyo ukimwazima jirani, umempelekea msiba.

Zisizo na ugonjwa huo hazina taabu. Elekeza sega juani: mwanga usipopenya, limejaa maganda yaliyoachwa na vizazi vya majana. Likate, ukayeyushe nta. Gundi ya nyuki iliyoganda pembeni ikwangue alfajiri ingali baridi, maana saa hiyo hukatika vipande vipande. Jua likipanda hulainika na kung'ang'ania patasi. Kisha chemsha maji ya magadi kwenye pipa la chuma, tumbukiza fremu dakika chache, sugua na suuza mpaka utelezi uishe. Sufuria ya aluminiamu usiitumie, magadi huila. Vaa glavu na ukinge macho.

Kuna wanaohifadhi masega mazuri kwa vidonge vya kufukuzia nondo kabatini. Nawasihi waache: nta hunyonya kemikali hiyo, nayo huishia kwenye asali. Nondo wa nta hupenda giza na hewa iliyotuama, basi tundika fremu kivulini penye mwanga na upepo, zisigusane.

Siku ya kurudisha fremu mzingani, zisugulie nta safi kidogo kwenye mbao za juu. Nyuki wapelelezi wanaotafuta makao huvutiwa na harufu hiyo, na kundi likiingia litaanza kujenga sega kufuata mstari wa nta.