Fahamu: Kikosi cha kwanza cha McCarthy na vijana wa Garissa

Benni McCarthy alitambulishwa kuwa kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mapema Machi 2025, na tarehe 20 mwezi huo timu ikacheza na Gambia mjini Abidjan. Kwa muda huo mfupi, kocha mgeni hana budi kuwategemea wanaoonekana: wanaosakata soka ng'ambo na wa Ligi Kuu. Mohammed Bajaber wa Kenya Police aliitwa, akafunga katika sare hiyo ya 3-3. Lakini kati ya klabu 18 za Ligi Kuu msimu ule, hapakuwa na hata moja ya kaunti za Garissa, Wajir wala Mandera.

Wapo watakaosema timu ya taifa haigawanywi kwa kaunti. Ni kweli, na hakuna anayedai mgao. Ila kipaji hupimwa kwa mechi ngumu za kila wiki, na kijana wa Garissa huzifuata Nairobi, zaidi ya kilomita 350, bila uhakika wa malazi wala nauli ya kurudi. Kwa hiyo lawama za vijana hao kutoonekana zisimwendee McCarthy. Ziende kwa shirikisho la soka na kaunti, zinazopaswa kujenga ligi za vijana huku kwetu Garissa na kuwaleta wasaka vipaji.